Ungeniambia Jana: Kuisoma Rosa Mistika na Wauguzi Watarajiwa

Kabla hatujaanza, neno moja. Makala hii inagusa kipigo cha mtoto, ukatili wa kijinsia na kujiua. Ukiona leo si siku yake, iache, itakusubiri. Zamani nilikuwa nayacheka maonyo ya namna hii, nikiyaona ni kudekeza watu wazima. Nitaeleza kilichoniachisha kucheka.

Nafundisha stadi za mawasiliano katika chuo kimoja cha afya. Wanafunzi wangu wengi wanasomea uuguzi na ukunga, wachache ustawi wa jamii. Mimi si daktari wala mshauri nasaha. Shahada yangu ni ya fasihi ya Kiswahili, na kwa miaka kadhaa nilikuwa naona aibu kidogo kuwa mtu wa riwaya katikati ya watu wa sindano. Basi tulipoambiwa tuingize mada mpya, huduma inayozingatia kiwewe, nikaona zamu yangu imefika. Maelezo ya mada yalikuja yamekauka kama makopa: fasili, vipengele, mchoro wenye mishale. Nikasema moyoni, hawa hawahitaji mishale, wanahitaji Rosa.

Rosa Mistika ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa kusema wazi mambo ya mapenzi, kisha ikarudi mashuleni kwa mlango wa mbele. Wengi wetu tumeisoma tukiwa na sare. Niliichagua ile sehemu ya mwanzo ambapo Zakaria, baba mlevi wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe, anagundua kwamba binti yake mkubwa ameandikiwa barua na mvulana anayeitwa Charles, na anampiga. Nikatoa fotokopi, nikagawa, nikamwita binti mmoja wa dawati la mbele mwenye sauti nzuri asome kwa sauti. Sikusema kinachokuja. Nilitaka kiwashtue. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, kwamba fasihi nzuri inampata msomaji bila kumpigia hodi.

Alisoma vizuri mpaka katikati. Halafu akanyamaza, akaikunja karatasi mara mbili, akasema, "Mwalimu, samahani, naomba nitoke nje." Nikatania. Nasema kwa aibu, lakini nilitania: "Sasa kama riwaya inakushinda, wodi utaiweza?" Darasa likacheka. Akatoka. Nikampa mwingine aendelee kusoma.

Baada ya kipindi nilimkuta kwenye bomba la uani ananawa uso. Akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana siku ile. Nikamuuliza, vipi, unaumwa? Akajibu taratibu, "Mwalimu, kitabu si kibaya. Ila ungeniambia jana."

Hakuongeza neno, nami sikumchimba. Katika kipindi kizima, hilo ndilo jambo moja nililolifanya sawasawa.

Tangu siku hiyo sentensi yake imenifundisha kuliko ile michoro ya mishale. Aligawa mambo mawili ambayo mimi nilikuwa nimeyachanganya: kitabu, na namna ya kukileta. Kitabu hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwa aliyekileta.

Hebu tuanze na kitabu.

Wanaoshughulika na huduma ya aina hii wana msemo wao maarufu: acha kumuuliza mtu ana kasoro gani, muulize amepatwa na nini. Ukiisoma Rosa Mistika na msemo huo mkononi, kuna jambo linalojitokeza ambalo mimi sikuliona nikiwa kidato cha nne. Ni riwaya ya watu wasiouliza. Rosa anapita mikononi mwa watu wazima mmoja baada ya mwingine, na karibu kila mmoja ana cheo cha kumlea: baba, mama Regina, masista wa shule ya bweni, walimu wa chuo cha ualimu. Kila mmoja anaitazama tabia yake. Hakuna anayekaa naye chini na kuuliza kilichotokea.

Kipigo kinamfanya Rosa awaogope wavulana. Kwa macho ya watu wazima woga huo unafanana sana na adabu, na nani atamuuliza mtoto kwa nini ana adabu? Akishatoka chini ya jicho la baba, kamba inakatika. Anajiachia kwa wanaume, mmoja, wa pili, wa tatu, hadi mkuu wa chuo mwenyewe, aliyepaswa kuwa mlinzi wake, anakuwa mmojawapo. Sasa ndipo watu wanamwona, kwa kuwa sasa amekuwa "malaya". Tulipokuwa shuleni tulisoma sehemu hizi mbili kama vitabu viwili: Rosa mwema na Rosa aliyeharibika. Mwalimu wetu aliandika ubaoni, "mabadiliko ya mhusika", tukanakili.

Ni Rosa mmoja. Kukwepa na kujihatarisha vinaweza kuwa pande mbili za jeraha moja. Mwaka 2013 toleo la 5 la mwongozo wa Marekani wa uchunguzi wa magonjwa ya akili liliongeza tabia za kujihatarisha katika orodha ya dalili za msongo unaofuata kiwewe. Kukwepa kulikuwamo tangu zamani. Kezilahabi alikuwa ameviweka vyote viwili katika mwili wa msichana mmoja wa Ukerewe miaka 42 kabla ya hapo. Simpimi Rosa ugonjwa. Mhusika wa riwaya hana faili wala kitanda. Nasema tu kwamba mwandishi aliyekuwa na umri wa miaka 20 na kitu aliona vitu viwili vikienda pamoja, ambavyo sisi wasomaji tulisisitiza kuvitenganisha ili tupate mahali pa kuweka lawama.

Na lawama ndiyo iliyotuharibia kitabu hiki. Kumbuka swali la mtihani: nani alaumiwe kwa kifo cha Rosa? Jadili kwa hoja sita. Tulijadili, bwana! Zakaria hoja mbili, Rosa mwenyewe mbili, Charles moja, jamii moja, mwisho hitimisho. Haki ya Mungu, hata riwaya yenyewe inatusukuma huko. Baada ya Charles kumkataa kwa sababu ya maisha yake ya nyuma, na baada ya Rosa kujiua, kesi inahamia mbinguni, mtoto na baba wakisimama mbele ya Mungu. Wahakiki wamelisifu tukio hilo kwa ujasiri wake, nami nalipenda. Lakini nililiona upya niliposimama mbele ya watu watakaovaa gauni jeupe. Mahakama ndiyo njia pekee iliyobaki pale ambapo kila mtu alikosa kuuliza mapema. Muuguzi hakai mbinguni. Yeye yuko zahanati saa nne asubuhi, foleni imefika mlangoni, na msichana aliye mbele yake bado yuko hai.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Msichana huyo amekuja na PF3 yake kutoka polisi, au hakupita polisi kabisa, anasema tumbo linauma. Akiulizwa mapokezi, watu wakisikia, "We ulienda kufanya nini huko usiku?", atajibu chochote na hatarudi tena. Swali lile ni swali la mtihani wetu wa fasihi, limevaa sare ya kazi. Ni swali la nani alaumiwe. Mwaka 2014 SAMHSA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili na uraibu, ilitoa mwongozo ambao sasa unanukuliwa kila mahali. Ukiuvua maneno makubwa, unaomba mambo manne: ujue kiwewe kimeenea kiasi gani, uzione dalili zake, uitikie kwa kubadili taratibu zako, na ujizuie usimuumize mtu mara ya pili. Hilo la nne ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimelifundisha Jumatatu na kulivunja Jumatano, chumba kile kile.

Kwa kweli sikuwa wa kwanza kuanguka katika shimo hili, na walioanguka kabla yangu ni watu wa fasihi waliobobea. Mwaka 1984 Shoshana Felman, mhakiki mashuhuri, alifundisha Chuo Kikuu cha Yale kozi kuhusu fasihi na ushuhuda. Mwishoni aliwaonyesha wanafunzi video za watu walionusurika mauaji ya Wayahudi. Darasa likavurugika. Wanafunzi hawakujua waseme nini, na bado hawakuweza kunyamaza. Yale yaliyotokea aliyaandika katika insha iliyoingia kwenye kitabu alichokitoa na daktari Dori Laub mwaka 1992, na kutokana nayo akajenga hoja: pengine kufundisha kwa kweli hakutokei mpaka darasa lipite katika msukosuko. Kazi ya mwalimu, kwa maoni yake, ni kulifikisha darasa kwenye msukosuko huo bila kulivunja.

Hoja hiyo niliisoma chuoni nikaipenda. Ina utamu. Inampa mwalimu wa fasihi hadhi ya mganga. Nadhani niliingia nayo darasani siku ile bila kujua, imejificha mfukoni.

Miaka 30 baada ya kozi ile, mwaka 2014, Janice Carello na Lisa Butler, wataalamu wa taaluma ya ustawi wa jamii huko Buffalo, New York, waliichambua desturi hii ya Felman na wenzake. Hoja yao inaweza kusemwa kwa pumzi moja: kufundisha habari za kiwewe ni jambo moja, kufundisha kwa kuzingatia kiwewe ni jingine, na la kwanza linaweza kulidhuru la pili. Darasa si ukurasa mweupe. Kuna waliokwisha kuumia kabla hujafungua kitabu. Msukosuko ambao mwalimu anauona ni mlango wa elimu, kwa mwanafunzi fulani ni chumba anachokijua tayari, amekaa humo miaka.

Hapa kwetu tuna takwimu zinazofanya hoja hiyo isiwe ya Buffalo peke yake. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika 2009, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walipata angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni kama 1 kati ya 7. Ukatili wa mwili ulikuwa umewapata karibu robo tatu. Darasa langu lina wasichana 40. Sikuwahesabu wala sitawahesabu, lakini nikitumia kipimo hicho ni kama wasichana 11 au 12. Nimekuwa nikifundisha "wateja wenye kiwewe" kana kwamba wako ng'ambo ya mto, kumbe wengine wamekaa mbele yangu wakiandika notisi.

Nilipomsimulia yote haya sista mmoja wa siku nyingi, muuguzi aliyezeeka wodini na sasa anasimamia mafunzo kwa vitendo, hakunihurumia. "Mwalimu," aliniambia, "wodini hakuna wa kukuambia jana. Mgonjwa analetwa na bodaboda saa nane usiku amejaa damu. Ukiwazoesha kuonywa, mimi utaniletea watu gani?"

Hoja nzito hiyo, na anayeidharau hajawahi kukesha zamu. Niliitafuna wiki nzima. Kisha nikarudi kwenye kile alichokifanya binti yule. Alihisi mwili wake unabadilika. Hakuendelea kusoma kwa nguvu mpaka aanguke. Hakumfokea mtu. Aliweka karatasi, akaomba ruhusa kwa adabu, akatoka, akanawa uso, akarudi katika salamu. Sasa mchukue umweke kwenye hiyo saa nane ya usiku. Muuguzi anayejitambua amefika ukingoni, akamwambia mwenzake "nishikie hapa dakika tano", huyo ndiye ninayemtaka kitandani kwangu. Wa kuogopwa ni yule asiyejitambua, ambaye woga wake unatoka kwa njia ya ukali, akamfokea mama mwenye uchungu kwamba anajidekeza. Yaani siku ile kwenye darasa langu kulikuwa na mtu mmoja aliyeonyesha stadi ninayoifundisha, nami nikamchekesha watu.

Nilimrudia sista na jibu hilo. Alinyamaza kidogo akasema, "Basi wafundishe na hiyo ya dakika tano." Hakusema kwamba amekubali. Kwa sista, hiyo ni kukubali.

Kwa hiyo muhula uliofuata nilibadili mambo, na nayataja kwa kuwa ni madogo. Wiki moja kabla nawaambia tunasoma nini na kuna nini ndani. Anayetaka kusoma sura nyingine ya kitabu hicho hicho anachagua, hahitaji kunieleza sababu. Hakuna anayesomeshwa kwa sauti kipande cha kipigo. Mlango unabaki wazi, na kutoka hakuombewi ruhusa. Jina la mtu wa kuongea naye, aliye nje ya idara yetu, liko ubaoni. Na hakuna insha inayomtaka mwanafunzi aandike yaliyompata yeye ili apewe maksi. Hili la mwisho nililifanya zamani kwa nia njema, nikiliita "kujitafakari". Naona sasa lilikuwa mnada wa majeraha.

Lakini kitabu sikukiondoa. Wenzangu wawili walinishauri nitafute kitu chepesi, na nadhani wangekuwa wamekosea pia. Mwanafunzi hakuomba kitabu kiondolewe, aliomba taarifa. Kukificha ni kurudia marufuku ya zamani kwa sauti ya upole. Sista yuko sahihi kwa hili: hawa watakutana na akina Rosa, na ni afadhali wakutane na mmoja kwanza ambaye kosa lako halimdhuru. Ndiyo faida ya riwaya juu ya wodi. Unaweza kumkosea Rosa, ukarudi ukurasa wa nyuma, ukamwangalia tena. Daktari Rita Charon amejenga mafunzo mazima ya tiba simulizi juu ya imani ya aina hiyo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwamba anayejifunza kusikiliza hadithi atamsikia na mgonjwa.

Zoezi letu kuu sasa ni moja. Nawaambia waiandike sentensi ambayo Kezilahabi hakuiandika: mtu mmoja katika riwaya anakaa na Rosa na kusema kitu cha kwanza. Sentensi moja tu. Mara ya kwanza nilikusanya karatasi nikasikitika. "Kwa nini hukumwambia mama?" "Ulijua ni kosa?" "Baba alikupiga mara ngapi?" Maswali ya polisi, yameandikwa kwa mwandiko mzuri. Nikazisoma bila majina, nikawaomba wajifanye Rosa na kusema kama wangejibu. Kimya. Tukaandika tena. Safari hii zikaanza kuja nyingine. "Sina haraka." "Niufunge mlango au niuache?" Na moja ambayo sijaisahau: "Rosa, unataka nikae wapi?"

Itazame sentensi hiyo kama mhakiki. Haiulizi habari. Haitoi ushauri. Inampa msichana ambaye kila mtu amemwamulia pa kukaa mamlaka juu ya kiti kimoja. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu kiwewe na kupona, aliweka usalama kuwa hatua ya kwanza, kabla ya kusimulia chochote. Mwanafunzi huyu hajamsoma Herman. Alimsoma Rosa, akaona kilichokosekana.

Nina mashaka mawili ambayo sitaki kuyafagia chini ya mkeka. La kwanza ni neno lenyewe. Kiwewe kwa Kiswahili cha mtaani ni ile hali ya kubabaika, mtu anapata kiwewe gari likimpigia honi. Linapita. Wataalamu wamelichukua wakalibebesha mzigo wa kitu kisichopita. Mgonjwa hatakuja akisema ana kiwewe. Atasema ana mawazo mengi, moyo unamwenda mbio, mwili umekufa ganzi, au silali. Muuguzi aliyekariri neno la kitabuni na kusubiri kulisikia atasubiri sana. Hapa riwaya inasaidia tena, maana Rosa naye hakuwahi kujieleza kwa neno moja. Alijieleza kwa maisha.

La pili ni kwamba mtazamo huu unaweza kuwa mwembamba. Tukimfanya Rosa mgonjwa tu, tunamwachia nani Zakaria, na pombe, na mkuu wa chuo, na Charles anayetaka bikira wakati yeye mwenyewe haulizwi? Said Ahmed Mohamed katika Utengano ya 1980 anatupa Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake, akatoroka, akaangukia maisha yanayofanana na ya Rosa. Tofauti ni kwamba Maimuna anampata Kabi, mtu anayemkubali akijua alikopita. Hakuna dawa pale, kuna mtu. Nawasomesha riwaya zote mbili siku hizi, kwa kufuatana, ili mwanafunzi asitoke akidhani kuna mwisho mmoja tu.

Yule binti alihitimu. Hatukulizungumza tena jambo lile na sijui hadi leo ni nini kilichokuwa katikati ya ukurasa ule. Watu wakiniuliza, hukutaka kujua? Nilitaka. Ila kutaka kwangu hakukuwa sababu ya yeye kusema.

Ukiwa na Rosa Mistika kwenye rafu, ya sare za shule, yenye majibu ya mtihani pembeni kwa penseli, ifungue tena. Safari hii usitafute wa kulaumu. Soma mpaka ufike mahali ambapo wewe ungeingia, uangalie kama kuna kiti, halafu uulize ukae wapi.